Aliyevaa Mabuti Yangu

Kazi yangu ni kutowaamini watu. Nashinda Ruwi, kwenye ofisi ya bima, na kila asubuhi nasoma madai ya waliogongwa na magari na ya wanaosema wamegongwa. Mtu anaandika kwamba shingo haigeuki kabisa, halafu namwona dirishani akigeuka upesi kumtazama rafiki aliyemwita. Ukifanya kazi hiyo kwa miaka, unarudi nayo nyumbani. Muuza samaki akinichagulia yeye mwenyewe, najiuliza huyo samaki ana nini. Jirani akinisalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, nasubiri nione atakachoomba.

Kwa hiyo kifundo cha mguu wangu kilipoanza kuuma, sikukionea huruma. Nilikitilia shaka kama ninavyowatilia shaka wengine.

Nianze na theluji, maana wapo watakaodhani nimeota. Hapa Maskati kuna ukumbi ndani ya jengo la maduka ambamo theluji hutengenezwa kwa mashine. Nje lami inanata kwenye soli, ndani watu wamevaa makoti na pua zao zinachuruzika. Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, nikaenda nikiwa na hakika kwamba ni utapeli. Nilipanda juu ya ubao wa kutelezea, nikaanguka, nikainuka, nikaanguka tena, na nilipotoka sikuwa nimefikiria madai ya mtu yeyote tangu nilipoingia. Tangu hapo kila Alhamisi baada ya kazi nikawa naenda. Katika umri ambao wenzangu wanachagua mapazia, mimi nilikuwa najifunza kukata.

Kukata ndiko utamu wenyewe. Ubao huuburuti kiubavu kama fagio. Unaulaza kidogo, ukingo wake wa chuma unaingia kwenye theluji na kuchora mstari mwembamba nyuma yako. Kona moja unaegemea vidole, nyingine unaegemea visigino, kama mtu anayekalia kiti asicho na uhakika kama kipo. Yote hayo mguu unayaambia ubao kupitia kwenye buti. Kisigino kikinyanyuka ndani ya buti hata kidogo tu, mguu unakuwa umeshasema na ubao haujasikia. Unachelewa, unayumba, unaanguka.

Mabuti ya kukodi yalikuwa yameshavaliwa na nusu ya mji. Ndani yamelegea kama mfuko wa zamani. Nilivyozidi kukaza kamba ili kisigino kitulie, ndivyo zilivyozidi kunikandamiza juu ya mfupa wa kifundo, mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaamua kununua yangu.

Muuzaji wa duka la michezo alikuwa Mlebanoni aliyekulia karibu na milima yenye theluji ya kweli, au ndivyo alivyodai. Alinipa buti lililonibana mpaka nikataka kulitupa, akasema hilo ndilo. Ndani ya buti kuna kiatu kingine laini, cha sponji nzito. Alivitoa hivyo viatu vya ndani, akavipasha moto kwenye tanuri dogo, akanivalisha vikiwa vya moto na kuniambia nisimame kimya mpaka vipoe. Vilipopoa vilikuwa vimeshika umbo la mguu wangu, hasa vifundo, ambavyo ni vyembamba mno. Mama husema vifundo vyangu ni vya mbuzi, nimevirithi upande wa baba.

Alhamisi zilizofuata nilikata kona kama mtu aliyezaliwa Uswisi. Kisigino kilitulia na mfupa haukuuma. Wiki zikapita, halafu kisigino kikaanza tena kucheza.

Hapa lazima niseme habari za nyumbani, kwa sababu mabuti yalilala huko. Naishi na Mama katika nyumba aliyoijenga marehemu Baba, Madinat Sultan Qaboos. Ni ya ghorofa moja: vyumba vya kulala juu, jiko na majlisi ya wageni chini, na katikati ngazi za marumaru ambazo Mama alizichagua mwenyewe enzi hizo kwa sababu zinang'aa. Kaka yangu anaishi Qurayyat, nje ya Maskati, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja, na kila akipiga simu wimbo wake ni ule ule, kwamba Mama ahamie kwake. Mama alichoka kusikia, siku moja akamwambia kwenye simu, nami nikiwa nimekaa pale pale: "Siku nikishindwa kushuka ngazi zangu mwenyewe, njoo unichukue. Kabla ya hapo usinambie tena."

Kaka aliyashika maneno hayo kama mkataba. Akinipigia simu siku hizi swali lake la kwanza si habari gani, ni Mama bado anashuka. Namjibu anashuka. Namjibu upesi, kwa sababu naiogopa siku nitakayojibu vingine. Sina mume, sina mtoto, na nyumba ile bila Mama ni vyumba na mwangwi tu. Naogopa kuingia jioni nikakuta taa hazijawashwa.

Basi, kila nikirudi kutoka kwenye theluji, mabuti niliyaweka juu, ukumbini, karibu na mlango wa msala, yaani choo, yakauke kwa upepo wa kiyoyozi. Yalikaa pale pamoja na ndara za kuingilia msalani, zile ambazo kila nyumba ya kwetu inazo na hazina mwenyewe. Anayeingia ndiye anayezivaa.

Kisigino kilipoanza kucheza, mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa Mlebanoni. Nilimrudia na mabuti mkononi na uso wa kazini. Aliingiza mkono ndani, akabonyeza pande zote, akasema sponji ya kwenye vifundo imebonyea kuliko kawaida. Akauliza kama huwa natembea nayo mjini. Niliona swali lile ni ujanja wa kunibebesha mzigo. Akabandika vipande vya sponji kuzunguka mahali pa kifundo, akanifundisha namna ya kuvaa: ugonge kisigino chini mpaka kikae nyuma kabisa, ukaze kwanza kamba za kifundo, halafu ndipo za juu. Alhamisi ile nilikata vizuri. Alhamisi iliyofuata, vibaya. Baada ya hapo vipande vile vilikuwa vimelala bapa kama mkate uliokaliwa.

Nikayageuza mabuti kutazama soli. Theluji haichubui mpira. Soli zangu zilikuwa na mikwaruzo myeupe kwenye visigino, na kwenye kamba palikuwa na mikunjo mahali nisipofunga mimi. Nikanusa ndani. Palinukia mafuta ya karafuu, lakini hilo sikulijali. Nyumba yetu nzima inanukia mafuta ya karafuu, hata mapazia.

Kuna mtu alikuwa anayavaa mabuti yangu. Nilipolikubali, niseme kweli, nilipata furaha kidogo, maana sasa lilikuwa jambo ninaloliweza.

Mshukiwa wa pili alikuwa dada anayekuja siku kadhaa kwa wiki kutusaidia usafi. Ni Mkenya wa bara, mtu mzima, haogopi mtu. Nilimkuta anapiga deki ngazi.

"Dada, mabuti yangu yale ya juu, kuna mtu anayavaa?"

"Hizo za askari?" Hakuacha kupiga deki. "Mimi nitaenda nazo wapi, madam? Kanisani?"

"Sijasema ni wewe."

"Lakini ni mimi umeuliza." Akakamua tambara kwenye ndoo. "Hii nyumba iko na wenyewe. Uliza wenyewe."

Kazini kwangu, anayekuelekeza kwa wengine ndiye anayewekewa alama nyekundu. Nikamwekea.

Lakini ushahidi ni ushahidi. Asubuhi moja ambayo yeye hakuwa na zamu, nilipitisha uzi mwembamba mweusi kati ya kamba za buti la kulia, nikapaka poda ya mtoto chini ya soli zote mbili, nikaenda Ruwi. Sikuweza kusoma madai yoyote siku ile. Niliporudi uzi ulikuwa umekatika na poda haikuwepo. Sakafuni pia haikuwepo. Mtu alikuwa ameifuta.

Nyumbani alikuwa Mama peke yake tangu asubuhi. Mwenye akili angeona jibu hapo hapo. Mimi nikaona kwamba Mama anamficha mtu.

Mama alishuka nami, mkono begani kwangu, tukakaa kunywa chai jikoni. Kulikuwa na vitumbua, vya moto bado.

"Umeshindaje, Mama?"

"Nmeshinda nimelala tu leo, mwanangu. Hata chini sijashuka mpaka hivi uliporudi."

Nilitazama vitumbua. Mtu aliyelala kutwa ghorofani hakaangi vitumbua chini. Mama yangu, ambaye hata umri wake hajawahi kuupunguza, alikuwa amenidanganya huku akinimiminia chai. Nilikula viwili. Nikawaza ni nani anayepitishwa nyumbani kwetu nikiwa kazini, na anafanya nini ghorofani akiwa na mabuti yangu miguuni. Nikamchunguza na Mama pia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama ya zambarau iliyofifia karibu na kiwiko. Aliniambia wiki za nyuma kwamba mlango ulimbana. Siku aliponiambia niliamini. Sasa nikaona kwamba mlango hauwezi kumbana mtu kiwiko kwa nyuma.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikarudi katikati ya asubuhi. Gari nililiacha mbele ya ukuta wa jirani ili lisisikike, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikavua viatu, nikasimama nyuma ya friji na mwiko wa pilau mkononi. Sijui nilitaka kuufanyia nini. Nilisikiliza nyumba yangu mwenyewe kama mwizi.

Juu mlango ulifunguka. Halafu nyayo. Zilikuwa nzito na za polepole. Kishindo, kimya, kishindo cha pili, kimya kirefu. Kwetu hakuna anayekanyaga ndani na viatu, hata fundi wa mabomba huvua. Nyayo zikafika kwenye ngazi na kuanza kushuka. Nilichungulia.

Alikuwa Mama. Alikuwa amevaa dera lake la nyumbani la rangi ya manjano, na chini ya dera mabuti yangu meusi ya theluji. Kamba hakuzikaza, alizizungusha kwenye miguu na kuzipiga fundo kama mtu aliyefunga furushi. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kishikio cha ngazi. Alishusha mguu mmoja, akauleta wa pili kwenye ngazi hiyo hiyo, akapumzika, midomo ikichezacheza, nadhani alikuwa anavuta uradi. Juu ya ukingo wa mabuti, nyama ya miguu yake ilikuwa imevimba na kumwagika pembeni. Nikaelewa ni vifundo gani vilivyoisukuma sponji yangu mpaka ikalala.

Nilitamani angekuwa mwizi. Kwa moyo wangu wote, nikiwa nimesimama pale na mwiko, nilitamani ateremke mwizi na mabuti yangu, anisukume, akimbie nayo mtaani.

Aliponiona hakushtuka. Alikaa taratibu kwenye ngazi aliyofika.

"Umerudi mapema," akasema.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu nilipoanguka."

"Ulianguka lini?"

"Wakati ule nlokwambia mlango." Akaupapasa mkono wake. "Kifundo kiligeuka hivi, nikaenda chini. Nikakaa pale juu ya marumaru, yule dada si siku yake, wewe hupo. Nikajivuta mpaka mlango wa msala nitafute cha kushika. Nikaliona dude lako hili. Nikatia mguu. Likanshika, mwanangu. Nikasimama."

"Ungeniuliza."

"Viatu vya mlango wa msala vina mwenyewe?"

"Ungeniambia kwamba umeanguka."

"Wewe ukiambiwa kitu huamini mpaka uone. Haya, ushaona." Alijaribu kucheka, kicheko kikaishia njiani. Akauliza kwa sauti ya chini: "Utamwambia kaka yako?"

Nikauweka mwiko chini.

"Nlikuja nchi hii na sanduku moja, msichana mdogo, nalia njia nzima," akasema. "Nikaizoea. Nshahama mara moja mimi. Sihami tena."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikayakasirikia marumaru yanayong'aa, nikamkasirikia yule dada aliyejua na kunyamaza, maana sasa ilikuwa wazi kwamba alijua, na kwamba siku za zamu yake ndiye aliyefuta alama za mabuti. Lakini Mama alikuwa amekaa na kamba zimelegea, na kwa kamba zile hata mtu mzima wa miguu angeanguka. Nikapiga magoti ngazi ya chini yake, nikafungua lile fundo la furushi.

Nilimwambia agonge kisigino chini mpaka kikae nyuma kabisa. Aligonga. Nikakaza kamba za kifundo kwanza, taratibu, nikimtazama uso kila ninapovuta, halafu za juu nikaziacha na nafasi kwa ajili ya uvimbe. Nikashika kisigino cha buti, nikamwomba ajaribu kunyanyua mguu ndani.

"Kinanyanyuka?"

"Hakinyanyuki," akasema, akashangaa.

Hapo ndipo nilipolia, nikiwa nimeinamia mguu wake ili asione, naye akaniwekea mkono kichwani kwa hiyo najua aliona. Tangu siku ile mabuti yale sijayavaa tena. Nimerudi kwenye ya kukodi, na kona zangu za kisigino ni aibu tupu.

Jioni ile nilimpigia simu kaka nikamweleza yote. Mama alikuwa amekaa mbele yangu, na sharti lake lilikuwa moja: asije mtu kumbeba, aje mtu amwone akishuka.

Alifika Ijumaa baada ya sala, mara ya kwanza tangu Idi. Nilipotoka kumfungulia geti nikaona amekuja na gari la mizigo la rafiki yake, nyuma tupu, na kamba za kufungia zimekunjwa vizuri. Hakusema ni la nini. Nami sikuuliza, lakini moyo wangu ulijaa sumu. Alikuwa amekuja kumchukua, ameshakata shauri njiani.

Tulisimama chini ya ngazi, mimi na yeye. Mama akatokea juu, amevaa nguo yake nzuri ya kijani na mabuti, kamba nimezikaza mwenyewe. Akaanza. Kaka alipanda ngazi moja na kunyoosha mkono. Mama akamtazama, naye kaka akaushusha mkono. Mguu, na wa pili. Mguu, na wa pili. Marumaru yalilia chini ya mpira. Sisi wawili tulikuwa hatupumui. Alipofika chini uso ulikuwa umelowa jasho, akakiachia kishikio.

"Nimeshuka," akasema.

"Umeshuka na mabuti ya theluji, Mama."

"Hatukusemezana nishuke na nini."

Kaka akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akaishika ile miguu miwili juu ya mabuti, mahali ilipovimba, akabonyeza kwa kidole. Alama ya kidole ilibaki. Aliitazama mpaka ikajaa tena. Akasema kesho tutampeleka hospitali sote wawili, Mama akasema hilo sawa. Halafu akainua macho, akatazama mlango wa majlisi uliokuwa wazi mbele yake: mito iliyopangwa ukutani, zulia tulilokatazwa kulikanyaga tangu utotoni, chetezo kilichosuguliwa, birika la kahawa, vikombe vimeinamishwa juu ya sinia. Chumba kikubwa kuliko vyote, chini, karibu na jiko, chenye msala wake pembeni.

"Kwa nini asilale hapa?" akaniuliza.

 Naishi kwa kutafuta nini kimefichwa, na chumba kile nilipita mbele yake kila siku. Hata yeye hakuwahi kukiona. Tulikuwa tunabishana kati ya Maskati na Qurayyat, mtu na simu yake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwaza kumlaza Mama kwenye majlisi, kwa sababu majlisi ni ya wageni, na nyumba isiyo na majlisi ni kama mtu aliyetoka nje bila nguo.

"Hapo hapalalwi," Mama akasema. "Hapo pa wageni."

 Kaka alivua kanzu, akabaki na fulana na kikoi, akaanza kuitoa mito, akitembea juu ya zulia na mimi nikimfuata na chetezo. Tukaipakia mito kwenye lile gari la mizigo. Ikakaa nyuma ya gari nililodhani limeletwa kumbeba Mama, na mpaka leo sijui kama lilikuja kwa kazi hiyo au nyingine. Kisha akapanda juu, akashuka na godoro la Mama kichwani, amelishika kwa mikono miwili.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba kitupu, mabuti yamenyooka mbele yake, anatazama kuta kama hazifahamu.

"Na mgeni akija?" akauliza.

"Mgeni gani, Mama?" Kaka alisimama mlangoni, jasho linamtiririka chini ya godoro. "Mgeni wa mwisho kukaa humu alikuwa nani?"

Mama akafikiri. Alifikiri kwa muda, kwa uaminifu, akirudi nyuma mwezi baada ya mwezi.

"Wewe," akamwambia.

Kaka alibaki pale pale mlangoni na godoro kichwani, na mimi nikaenda kulishika upande wa pili.